Sura ya Tano: Je, Meza Yako Inakusema?

Swali hili hunijia kwa sauti mbili. Ya kwanza ni ya mfanyakazi aliyeambiwa na mkubwa wake kwamba meza yake imegeuka gulio, naye anataka kujua kama mwenye meza ya namna hiyo kweli ana kasoro. Ya pili ni ya mkubwa mwenyewe. Anafika ofisini alfajiri kabla ya watu, anapita katikati ya meza tupu, anatazama huku na huku, na anajiuliza kama anachokiona kinamwambia lolote juu ya watu aliowaajiri. Wote wawili wanauliza jambo moja: ukiiona sehemu ya kazi ya mtu, umemwona mwenyewe?

Nilikulia Ngamiani, Tanga, jirani na mafundi cherehani wawili waliokuwa wakishonea baraza moja. Wa kushoto cherehani yake iling'aa. Mkasi ulikuwa na msumari wake ukutani, chaki zilikaa ndani ya kibati, vitambaa vya wateja vilikunjwa na kufungwa kila kimoja na kikaratasi chenye jina, na vipande vilifagiliwa kabla ya adhana ya adhuhuri. Kiti cha mgeni hakikuwepo. Ukifika unasimama, unapimwa, unaondoka.

Wa kulia alizama. Makapi ya vitambaa yalimfika kwenye kanyagio, nguo zilitundikwa juu ya nguo, ukutani picha za timu za mpira zilipandiana, redio haikuzimwa, na benchi lake la mbao halikukosa watu watatu hata siku ya mvua. Futi ya kupimia ilitafutwa kila siku, na kila siku ilikutwa shingoni mwake.

Mtaani hukumu ilikuwa imeshapita. Wa kushoto ni mtu wa kazi, tena makini, lakini mkavu, mtu wa kuhesabu senti. Wa kulia ni mtu wa watu, mwenye moyo, ila usimpelekee kitambaa cha harusi zikiwa zimebaki siku nne. Nami nikiwa mtoto niliziamini hukumu hizo zote bila kuzichambua. Sura hii ni ya kuzichambua, maana sehemu yake ilikuwa kweli na sehemu yake ilikuwa dhuluma, na zote zilitokana na macho yaleyale yakitazama baraza lilelile.

Kwanza, hulka ni nini?

Hulka ni namna ya kudumu ambayo mtu huwaza, huhisi na hutenda. Ukiamka na hasira kwa sababu mbu hawakukulaza, hiyo si hulka. Ukiwa mtu wa kukasirika upesi leo, mwakani, kazini na nyumbani, hapo tunaanza kuzungumzia hulka.

Wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya akili na mwenendo wa binadamu, wamezoea kuzipima hulka kwa mizani mitano. Majina ya Kiswahili ninayoyatumia hapa ni haya:

- Udadisi: kupenda mawazo mapya, sanaa, safari na mambo yasiyozoeleka.
- Uangalifu: kupanga, kutimiza ahadi, kumaliza ulichoanza.
- Uchangamfu: kupata nguvu kutokana na kuwa na watu.
- Ukunjufu: huruma, upole, kusamehe, kusaidia.
- Wasiwasi: wepesi wa kufadhaika na kuhofia.

Kila mmoja wetu ana sehemu ya kila kimoja. Tunatofautiana kwa kiasi tu, kama chumvi katika mboga.

Ofisi 94 na wageni waliozikagua

Mwaka 2002, Samuel Gosling wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, Marekani, alichapisha pamoja na wenzake watatu utafiti uliolichukua swali letu na kulipeleka kwenye ofisi halisi. Walipata ruhusa ya kuingia ofisi 94 za watu wa kazi mbalimbali, wakiwemo wa benki, wa matangazo na wasanifu wa majengo, pamoja na vyumba vya kulala 83. Majina na picha za wenye vyumba zilifunikwa. Kisha wakaingizwa wakaguzi wachache ambao hawakuwajua kabisa wenye vyumba hivyo. Walitazama, wakatoka, wakajaza fomu: huyu ni mdadisi kiasi gani, mwangalifu kiasi gani, na kuendelea mpaka mizani yote mitano.

Upande wa pili, wenye vyumba walijipima wenyewe, na watu waliowafahamu vizuri nao wakawapima. Kilichobaki kilikuwa kulinganisha. Je, mgeni aliyeona meza tu alikaribia kusema yale ambayo rafiki wa miaka mingi angesema?

Kwa mambo fulani, ndiyo. Udadisi ndio ulioonekana waziwazi zaidi kuliko hulka zote. Mtu mdadisi chumba chake hakifanani na cha jirani: kina vitu vya pekee, na hasa kina vitabu na magazeti ya namna nyingi. Si wingi wake bali uanuwai wake. Rafu ya vitabu mia moja vya uhasibu inaeleza kazi ya mtu. Vitabu kumi na viwili, kimoja cha nyuki, kimoja cha mashairi, kimoja cha historia ya Kilwa na vingine vya mambo mengine tisa, vinamweleza mtu mwenyewe. Uangalifu na uchangamfu navyo vilisomeka ofisini, ingawa kwa ukungu zaidi. Ofisi ya mwangalifu ilikuwa safi na vitu vyake vilikuwa na mahali pake. Ofisi ya mchangamfu ilimkaribisha mtu kuingia.

Wasiwasi haukusomeka vizuri ofisini. Na ukunjufu, ile huruma na upole, ofisini haukusomeka kabisa. Wakaguzi walipojaribu kukisia nani ana moyo mwema, wangeweza kufumba macho wakapata majibu yaleyale.

Jambo moja zaidi kutoka utafiti huo. Kwa jumla, vyumba vya kulala vilisema mengi kuliko ofisi. Tutarudi kwenye sababu yake, kwa kuwa ndiyo inayosahaulika na kila bosi anayepita kati ya meza alfajiri.

*Kwa ufupi: sehemu ya kazi husema ukweli kiasi fulani juu ya udadisi, uangalifu na uchangamfu. Juu ya wema wa mtu, haisemi kitu.*

Masalia, matangazo na maliwazo

Je, hulka inafikaje mezani? Mwaka 2008 Gosling aliandika kitabu kwa wasomaji wa kawaida, *Snoop*, akaeleza njia tatu. Nimezipa majina yangu, kwa kuwa nimeona kwetu zinafanya kazi vilevile.

Njia ya kwanza ni masalia: alama zinazobaki baada ya mtu kutenda, bila yeye kukusudia kuziacha. Duara la chai juu ya faili. Penseli iliyotafunwa. Kalenda iliyobaki mwezi wa Machi na sasa tuko Juni. Baadhi ya masalia hutokana na mambo yanayofanyika nje kabisa ya ofisi. Chini ya meza za akina mama wengi utakuta kandambili, na kwenye droo ya chini, chini ya karatasi, kanga iliyokunjwa vizuri. Kanga ile haikuwekwa ionekane. Iko pale kwa sababu mwenyewe anajua msiba haubishi hodi, na simu ikija saa sita mchana atatoka ofisini moja kwa moja kwenda kukaa na wafiwa. Mtu akiniuliza nimweleze mwanamke yule kwa kitu kimoja tu cha ofisini kwake, nitaichagua kanga hiyo, si cheti kilichowekewa fremu ukutani.

Cheti ni njia ya pili: matangazo. Hivi ni vitu tunavyoviweka ili viseme neno juu yetu. Shahada. Picha tukipeana mkono na mheshimiwa. Bendera ndogo ya Simba au Yanga. Msalaba, au aya iliyoandikwa kwa dhahabu. Usidhani tangazo ni uongo. Mara nyingi mtu hutangaza kile anachokiamini kweli, na anataka umwelewe hivyo. Kosa ni kulisoma tangazo kana kwamba ni masalia.

Ya tatu ni maliwazo: vitu ambavyo mtu huviweka kwa ajili ya moyo wake mwenyewe, vimtulize, vimtie nguvu, vimkumbushe. Tasbihi au rozari ndani ya droo, mswala uliokunjwa nyuma ya mlango, redio ndogo inayoimba taarabu chinichini.

Kitu kimoja chaweza kuwa cha aina mbili, na hapo ndipo inabidi utazame kimekaaje. Chukua picha ya watoto mezani. Ikiwa imemwelekea mwenye meza, ni liwazo: akichoka huinua macho akawaona. Ikiwa imegeuziwa kiti cha mgeni, ni tangazo: mimi ni mzazi, nina familia, niheshimu hivyo. Watoto ni walewale na fremu ni ileile. Nyuzi chache za kugeuka zimebadilisha maana yote.

Na kuna koti. Kila aliyewahi kufuata huduma katika ofisi za umma Afrika Mashariki analijua koti hilo. Limevalishwa kiti, kompyuta inawaka, miwani imelazwa juu ya faili lililofunuliwa, na ukiuliza unaambiwa mwenyewe yupo, katoka kidogo tu. Koti hilo ni tangazo lililovaa nguo za masalia. Linataka tuamini kwamba mtu ametenda kazi hapa dakika mbili zilizopita. Msomaji mzuri wa ofisi halitazami koti. Hutazama vumbi lililotua mabegani mwake.

Hii ndiyo kanuni ninayoitumia mwenyewe. Nikitaka kujua mtu angependa aonekane vipi, natazama ukuta. Nikitaka kujua anafanya nini, natazama chini ya meza na kwenye pipa la taka.

Alichokiacha Francis Bacon sakafuni

Mfano mkubwa kuliko yote ninaoufahamu wa masalia ni karakana ya mchoraji Francis Bacon, kwenye nyumba namba 7, Reece Mews, London. Alianza kuitumia mwaka 1961, akachorea humo mpaka alipofariki mwaka 1992. Kilikuwa chumba kidogo. Rangi zilijaribiwa kwenye kuta na kwenye mlango, kwa hiyo kuta zenyewe ziligeuka ubao wa kuchanganyia rangi. Sakafuni kulikuwa na kilima: picha zilizokanyagwa, kurasa zilizochanwa vitabuni, mikebe, brashi zilizokauka, turubai zilizokatwa kwa kisu.

Mwaka 1998 mrithi wake alikitoa chumba hicho chote kwa jumba la sanaa la Hugh Lane, Dublin, mji aliozaliwa Bacon. Jumba hilo halikukifagia. Liliwaita hata wanaakiolojia, watu waliozoea kufukua miji iliyozikwa, wakachora ramani ya kila kitu kilipolala, wakahamisha vitu zaidi ya 7,000 pamoja na kuta, mlango, dari na vumbi, na mwaka 2001 chumba kikafunguliwa kwa umma Dublin kama kilivyokuwa London.

Sehemu inayonigusa ni hii. Miaka mingi Bacon aliwaambia waliomhoji kwamba hachori rasimu. Kwamba humwaga rangi moja kwa moja kwenye turubai bila michoro ya matayarisho. Alikuwa anajieleza, na wengi walimwamini. Vitu vyake vilipoorodheshwa kimoja kimoja, miongoni mwake ilipatikana michoro takriban 70 ya mkono. Mdomo ulitangaza jambo moja na sakafu ikahifadhi jingine.

Na usiharakishe kusema kwamba mtu yule alikuwa mchafu wa kila kitu. Sehemu aliyokuwa akilala, hatua chache tu kutoka kwenye kilima kile, ilikuwa na vitu vichache sana. Mtu mmoja, paa moja, vyumba viwili visivyofanana hata kidogo. Angepita mgeni kwenye chumba kimoja tu, angeondoka na mtu mwingine kabisa kichwani.

Kabla ya kusoma, uliza nani aliamua

Sasa turudi kwenye ile sababu ya vyumba vya kulala kusema zaidi kuliko ofisi. Chumbani kwako wewe ndiye mwamuzi. Ofisini meza alinunua afisa ugavi, rangi ya ukuta ilichaguliwa kwenye zabuni, kiti kimeandikwa namba nyeupe ya mali ya ofisi mgongoni. Tazama kuta zetu. Katika ofisi na maduka ya Tanzania utakuta picha ya Mwalimu Nyerere na ya rais aliye madarakani. Kenya utakuta ya rais. Pembeni kuna kalenda iliyotolewa bure na benki au na muuza saruji, na leseni ya biashara ambayo sheria inataka ionekane. Ukiondoa vyote hivyo, mwenye duka amebakiwa na nafasi ndogo sana ya kusema lake. Ndiyo maana ile karatasi aliyoiandika kwa mkono, *kukopa harusi, kulipa matanga*, ina uzito kuliko ukuta mzima.

Vivyo hivyo matatu za Nairobi zilizochorwa wanamuziki na wachezaji mpira toka boneti hadi nyuma. Abiria husema dereva huyu anapenda sana muziki fulani. Lakini mara nyingi gari si la dereva, na rangi zilichaguliwa na tajiri anayetaka vijana walipande. Gari linasema, ila si kwa sauti ya aliyeshika usukani.

Jambo hili nililijifunza kwa mtu mmoja, na sijamsahau. Katika ofisi yangu ya kwanza ya kazi alikuwepo karani wa masjala, yaani chumba cha kutunzia mafaili. Chumba chake kilitisha. Mafaili yalijaa mezani, dirishani, sakafuni, mengine yakaegemea ukuta kama magunia ya mahindi. Wakubwa walimwita mvivu mbele ya watu, na mara moja aliandikiwa barua ya onyo kwa uchafu. Wageni waliofika na kuchungulia walitikisa kichwa.

Mimi nilikuwa kijana wa kutumwa mafaili, kwa hiyo nilimwona akifanya kazi. Ukimtajia jina la kijiji, hakuuliza mara mbili. Aliinuka, akapenya katikati ya vile vilima, akarudi na faili kabla sijamaliza kusoma tangazo lililobandikwa mlangoni. Alikuwa amepanga mafaili kwa njia waliyokuja watu: ya wilaya za pwani dirishani, ya bara ukutani, ya kesi zinazoendelea mezani. Kabati za masjala zilikuwa mbili. Ziliwekwa enzi za ofisi yenye theluthi ya mafaili yale, na maombi yake ya kabati nyingine yalikuwa humohumo masjala, kwenye faili lake, nakala tatu za miaka mitatu. Alipokwenda likizo, aliyemshikia nafasi alisafisha chumba kikapendeza, kisha kwa wiki tatu hakuna faili lililoonekana.

Mtu yule uangalifu wake ulikuwa mkubwa kuliko wa yeyote katika jengo lile. Uchafu uliokuwa ukionekana ulikuwa wa bajeti. Bado naumia nikikumbuka barua ile ya onyo.

Kabla ya kumhukumu mtu kwa meza yake, basi, uliza angalau haya:

- Vitu hivi alivichagua, au alivikuta?
- Ana nafasi na samani za kutosha kwa kazi aliyopewa?
- Meza hii ni yake peke yake, au hupokezana?
- Nimeiona siku gani? Mwisho wa mwezi mhasibu haonekani kwa karatasi.
- Akihitaji kitu, anakipata baada ya muda gani?

Swali la mwisho ndilo bora kuliko yote. Utaratibu ni kukipata kitu unapokihitaji. Unadhifu ni kuwapendeza wanaopita.

Wema hauonekani, lakini tunauhukumu

Tumesema kwamba katika utafiti wa Gosling ukunjufu haukusomeka ofisini. Ingekuwa heri kama binadamu, akishindwa kusoma, angenyamaza. Hatunyamazi.

Mwaka 2019, Terrence Horgan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, tawi la Flint, walichapisha majaribio ambamo watu waliketishwa katika ofisi ya mtafiti. Wengine waliikuta imepangwa, wengine waliikuta imevurugika. Baadaye waliulizwa wanamwonaje mwenye ofisi. Walioketi kwenye vurugu walisema kwamba mwenyewe si mwangalifu, jambo ambalo tungelitarajia. Lakini waliendelea: walimwona pia kuwa mtu wa wasiwasi zaidi, na mwenye ukunjufu mdogo, kana kwamba hajali watu.

Weka tafiti hizi mbili pamoja, uone hatari ilipo. Wa kwanza unatuambia kwamba ofisi haifichui wema wa mtu. Wa pili unatuambia kwamba tunaukisia wema huo hata hivyo, na tunaukisia kwa kutazama karatasi zilizotapakaa. Mwalimu mwenye meza iliyojaa madaftari yasiyosahihishwa anaonekana hawapendi wanafunzi. Muuguzi ambaye meza yake haina nafasi ya kuweka kikombe anaonekana hana huruma. Watu wanapoteza vyeo kwa hukumu za aina hii, na hakuna anayejua kwamba imetolewa hukumu, kwa sababu aliyeitoa anadhani ameona tu.

Upande mwingine wapo wanaojitetea kwa picha maarufu ya meza ya Albert Einstein, iliyopigwa na Ralph Morse wa jarida la *Life* huko Princeton tarehe 18 Aprili 1955, saa chache baada ya mwanasayansi huyo kufariki. Karatasi zimelundikana mezani na kwenye rafu, kiti kimesogezwa, ubao umejaa hesabu. Ni picha inayotia simanzi, nami naipenda. Haithibitishi kwamba vurugu huzaa akili. Meza za watu wa kawaida zilizovurugika ziko mamilioni na hakuna mpiga picha aliyezifuata.

*Kwa ufupi: meza iliyovurugika haimfanyi mtu mbaya wala haimfanyi mwenye kipaji.*

Mkono wa nani mezani pako?

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba njia ni ya upande mmoja, mtu kuitengeneza meza. Meza nayo humrudia mtu. Kathleen Vohs na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliripoti mwaka 2013 kwamba watu waliowekwa kwenye chumba kilichopangwa walielekea zaidi kuchagua tufaha kuliko chokoleti, na waliowekwa kwenye chumba kilichovurugika walibuni matumizi mapya zaidi ya mpira mdogo wa tenisi ya mezani. Matokeo yanavutia, ingawa nisingemshauri mtu yeyote avuruge ofisi yake makusudi akisubiri ubunifu.

Lenye uzito zaidi kwangu ni jaribio la Craig Knight na Alex Haslam, lililochapishwa mwaka 2010 kutoka Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza. Waliwapa watu kazi za kiofisi katika mazingira manne. Baadhi walipewa chumba kitupu, meza na kiti tu. Wengine walipewa chumba kilichopambwa tayari kwa mimea na picha. Kundi la tatu walipewa mimea na picha hizo na kuambiwa wapange wapendavyo. La nne nao waliambiwa wapange wapendavyo, na walipomaliza mtafiti akaingia, akavipanga upya vyote mbele yao.

Waliopanga wenyewe walifanya kazi vizuri kuliko wote. Watafiti walitaja tofauti iliyofika asilimia 32 juu ya wale wa chumba kitupu. Waliovurugiwa mpango wao waliporomoka, ijapokuwa chumba kilikuwa na mimea ileile na picha zilezile. Uzuri wa chumba haukuwasaidia. Kilichowaumiza ni mkono wa mtu mwingine.

Ofisi zinazoweka kanuni kwamba meza iachwe tupu kila jioni, bila picha wala ua wala kikombe, zingefaa kulitafakari jaribio hilo. Vilevile zile zinazohamia meza za kupokezana, ambapo mfanyakazi hukaa popote palipo wazi. Mtu aliyenyimwa meza huhamishia maisha yake kwenye begi, kwenye kioo cha kompyuta, kwenye picha ya simu. Huko ndiko masalia yake yatakakokuwa, na mkubwa apitaye alfajiri hataona kitu.

Baraza lile la Ngamiani

Zilibaki hukumu za mafundi wawili. Kwamba wa kushoto ni mwangalifu na wa kulia ni mchangamfu, mtaa ulisoma sawasawa. Benchi na msumari wa mkasi havikudanganya. Ilibaki ile ya nani ana moyo.

Januari moja, msimu wa sare za shule, mama alinituma nikachukue kaptula za wadogo zangu kwa fundi wa kushoto. Nilimkuta ameshika kitambaa chini ya sindano kwa mikono yote miwili. Hakuinua uso.

"Mwanangu, fungua droo hiyo. Toa daftari, tazama mama yako kabakiza ngapi."

"Haya, baba."

Daftari lilikuwa limepigwa mistari kwa rula. Jina, kiuno, urefu, bei, tarehe, malipo. Nilipokuwa nikitafuta jina la mama nilipita majina ya watoto niliosoma nao, wale wa nyumba ambazo sote tulijua hali zake. Kwenye safu ya malipo, mbele ya majina saba au manane hivi, hapakuwa na tarakimu. Kulikuwa na neno moja kwa mwandiko wake ulionyooka: *akipata*. Nilifunua kurasa kurudi nyuma mpaka Januari ya mwaka uliotangulia. Majina yaleyale, neno lilelile, na sare mpya zimeshonwa juu ya deni hilo.

"Umeona?"

"Nimeona, baba. Imebaki shilingi mia mbili."

"Mwambie asihangaike."

Nikalirudisha daftari kwenye droo, nikaisukuma mpaka ikaingia yote, na baraza likawa kama lilivyokuwa: mkasi msumarini, chaki kwenye kibati, na hakuna kiti.